Bibi Harusi Alivyorudi Kutoka Vitani

Kwenye sherehe ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru. Mtu akishafika umri wa kutochelewa popote, ndipo ofisi inamnunulia saa. Mlinipa pia mabati, khanga za mama watoto, na hotuba ya mkuu wa idara ambayo nusu yake nadhani iliandikwa kwa ajili ya mtu mwingine, maana mimi sijawahi kufanya kazi Manyoni. Lakini kilichonifanya nikae chini niandike ni yule kijana wenu wa chanjo aliyeshika kipaza sauti akauliza, "Mzee Sungi, eti ni kweli ulipigana vita umepanda punda?" Ukumbi mzima mkacheka mpaka pilau likapoa.

Jibu ni hapana. Sikumpanda hata mara moja. Punda wa vitani alibeba mabomu, unga, maji na majeruhi, na mimi nilitembea pembeni yake nikimbembeleza. Nyinyi mnanijua kwa majosho, kwa kuhasi na kwa kukata kwato, Ikungi nzima. Kazi hiyo nilianza kuijua kwenye vita vya Kagera, katika kikosi cha mgambo ambacho sidhani kama kimeandikwa popote. Na kama kimeandikwa, watakuwa wamekosea idadi ya miguu.

Vita vilipoanza nilikuwa kijana wa Mungaa, nina misuli na sina shughuli. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano, akasema kila kaya itoe mchango. Mwenye ng'ombe atoe ng'ombe, mwenye mbuzi atoe mbuzi, mwenye kijana wa kiume atoe kijana. Shangazi yangu Mariamu, dada wa marehemu baba, alikuwa mjane asiye na mtoto, na nyonga yake ilikuwa mbovu tangu alipoanguka kisimani. Mali yake ilikuwa punda mmoja jike. Kisima kilikuwa mbali, na huyo punda ndiye aliyemletea maji. Shangazi alisimama akiegemea fimbo, akasema, "Mimi sina mtoto wa kutoa. Nina punda. Mchukueni, ila mjue nawakopesha, sijawapa."

Mwenyekiti akamjibu kwamba vitani hakuna kukopeshana.

"Basi nenda wewe," shangazi akasema, "tukuone."

Wanawake wakapiga vigelegele, na mwenyekiti akakubali haraka kwamba ni mkopo.

Punda huyo aliitwa Bibi Harusi kwa sababu ya mwendo wake. Alitembea kichwa chini, taratibu, na kila palipokuwa na mlango au kivuko alisimama mpaka abembelezwe. Asubuhi ya kuondoka shangazi alinikabidhi kamba yake mkononi. "Mwanangu, wewe ndiye unakwenda naye, kwa hiyo wewe ndiye utanirudishia. Ukija bila yeye, utanibebea ndoo wewe mwenyewe mpaka nife. Na mimi nina nia ya kuishi sana." Nikacheka. Yeye hakucheka, na nilipomwangalia vizuri niliona macho yamejaa machozi.

Tulikusanywa Singida mjini, punda wa Mungaa, wa Ikungi, wa Nduguti na wa vijiji ambavyo hata punda wenyewe hawakuvijua. Mwalimu wetu alikuwa Mzee Kiula, Mnyiramba wa Nduguti, mtu mfupi mwenye masikio makubwa, aliyewahi kupelekwa na mkoloni mpaka Burma kuswaga nyumbu wa jeshi, wale chotara wa punda na farasi. Siku ya kwanza hakutufundisha kwata. Alitupanga mstari, akatuamuru tuvue mashati, akatubebesha magunia ya mchanga yaliyofungwa vibaya makusudi, akatuzungusha uwanjani mpaka migongo ikachubuka. Kisha akasema, "Sasa mmemaliza somo la matandiko. Nani ana swali?" Hakuna aliyekuwa nalo.

Tandiko letu lilikuwa magunia mawili ya katani yaliyoshindiliwa nyasi kavu, yakashonwa pamoja yakiacha mfereji katikati ili uti wa mgongo usiguswe na kitu. Mpaka leo nikiona mtu amemwekea punda mzigo juu ya gunia moja tupu, mkono wangu unawasha. Sheria ya Mzee Kiula ilikuwa kwamba tukifika kambini, tunakagua kwanza mgongo wa punda, halafu kwato zake, halafu ndipo mtu anaruhusiwa kukumbuka kwamba na yeye ana miguu. Kidonda tulikiosha kwa maji ya chumvi. Nzi tuliwafukuza kwa oili chafu ya malori, ambayo madereva walitupa kwa ukarimu mkubwa, maana walikuwa wanaimwaga.

Mwenzangu wa karibu alikuwa Shabani, mtoto wa mwenye duka pale mjini, baba wa Singida na bibi Mzaramo wa Pwani. Shabani alikuwa amewaona punda maisha yake yote kupitia dirisha la duka, wakileta maji. Siku ya kwanza alisimama nyuma ya punda wake ili, kwa maneno yake, aone anavyofikiri. Akapigwa teke akakaa chini. "Nimeona," akasema.

Kamanda wetu alikuwa Luteni Masanja, Msukuma mrefu, mwembamba, kijana kuliko wengi wetu. Alikuwa amesoma kozi nje ya nchi, na huko alifundishwa habari za askari wapanda farasi akazipenda mno. Nadhani aliomba apewe kikosi cha maana, na wakubwa kwa ucheshi wao wakampa sisi. Jioni alitukusanya akatuhadithia vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini na Kusini, walipopigania mambo ya utumwa. Alisema wapanda farasi wa Kaskazini mwanzoni walichekwa na kila mtu, hawakujua hata kukaa juu ya tandiko, lakini kabla vita havijaisha wakawa watu wa kuogopwa.

"Farasi wao walikuwa wanakula nini?" Mzee Kiula akauliza.

"Shayiri, nadhani."

"Na wa kwetu wanakula nyasi za mapaa ya watu. Hapo ndipo tofauti ilipo, afande."

Shabani naye akanyoosha mkono. "Afande, wale walipanda. Sisi tunasukuma. Na sisi tutaogopwa lini?"

Luteni alicheka, kwa sababu alikuwa hana budi. Sisi watu wa Singida na Wasukuma ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda Pwani, na Wazaramo vilevile ni watani wao, kwa hiyo alikuwa amezungukwa. Kwenye gwaride tulimwita afande na kupiga saluti. Gwaride likivunjwa, tulimkumbusha jinsi Wasukuma wanavyokula viazi mpaka wanaota mizizi. Naye alitwambia kwamba Wanyaturu ni watu waliozaliwa upande wa nyuma wa punda ndiyo maana wanaelewana nao. Lakini kuna jambo moja hakulifanyia mzaha. Alisema punda wote ni askari wa kikosi chake, wakaguliwe kwenye gwaride na wahesabiwe pamoja na sisi. Akiitwa Bibi Harusi, niliitika mimi kwa niaba yake.

Kwenda vitani usafiri haukosekani. Tulipakiwa kwenye malori ya ng'ombe, tukashushwa karibu na mto Kagera, mahali ambapo barabara ilikuwa imegeuka tope na malori yenyewe yamezama mpaka milangoni. Wale askari wa malori walitupokea kwa kelele, "Wapanda farasi wamefika! Wapisheni wapanda farasi!" Baada ya wiki ya mvua, wale wale walikuja kutuomba kwa sauti ya chini tuwapelekee unga wenzao walioko mbele.

Daraja la mto lilikuwa limevunjwa, na wahandisi wameweka la kuelea. Punda wa kwanza alikanyaga, akasikia linatikisika, akarudi nyuma. Wakarudi wote. Tuliwavuta, tukawasukuma, tukawafunga macho, tukawatukana kwa Kinyaturu na Kinyiramba. Nyuma yetu foleni ya jeshi zima ikapiga honi. Mzee Kiula akatuagiza tukusanye mavi ya punda kwenye debe, tuyamwage kwenye daraja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkuu wa wahandisi, mtu nadhifu, alikuja mbio akisema daraja lake ni mali ya jeshi. "Na haya ni mavi ya jeshi," Luteni Masanja akamjibu. Bibi Harusi akainamisha kichwa, akanusa, akaamini kwamba wenzake wameshapita, akavuka kwa mwendo wake ule ule wa kusindikizwa. Wengine wakamfuata. Vijana, mbinu hiyo nimeitumia kwenye majosho mapya ya Ikungi miaka yote, na hakuna mradi uliowahi kunilipia posho kwa ajili yake.

Sijui mengi ya kuwaambia kuhusu mapigano yenyewe. Wenye bunduki wataandika yao. Mimi nilijua njia moja tu, ya kutoka kwenye ghala la akiba hadi mstari wa mbele, nikaijua kwa kila shimo. Tulipeleka mabomu ya mizinga na tukarudi na majeruhi. Tatizo kubwa lilikuwa kelele, kwa sababu punda anapolia alfajiri, adui hahitaji darubini. Mzee Kiula alitufundisha kumfunga punda jiwe kwenye mkia, kwamba asipoweza kuinua mkia hawezi kulia. Nusu ya punda wakanyamaza kweli. Nusu nyingine walilia vilevile, huku mawe yakiwagonga miguuni, na ikawa wanalia kwa sababu mbili.

Siku Shabani alipoumia, tulikuwa tunarudi mikono mitupu. Mizinga ikaanza kupiga barabara. Punda wakatawanyika kwenye migomba, kasoro Bibi Harusi aliyelala chini pale pale na kukataa vita. Nilipoinua kichwa nilimwona Shabani ameshika paja, damu inapita katikati ya vidole. Nilimfunga kwa kamba ya tandiko, nikamlaza kwenye mgongo wa Bibi Harusi akiwa bado amelala, nikamwomba asimame. Niliomba kwa adabu kubwa. Nilimwita shangazi, nilimwita mama. Makombora yanaanguka, na mimi namwahidi punda pumba. Akafikiri, akasimama, akatembea mpaka hospitali ya mahema bila kuongeza mwendo hata kidogo. Nililia njia nzima kwa hofu, na Shabani alikuwa akiniuliza kama nimelipia nauli.

Vita vilipokwisha, tulirudi upande wetu wa mto tukisubiri kwenda nyumbani. Kila mtu alinukia sabuni. Habari zilikuwa kwamba meli itatupeleka Mwanza, bandarini kuna bendi, kuna wananchi na maua. Luteni Masanja alipiga buti zake rangi kila siku. Mama yake alikuwa ametumiwa habari, angetoka kijijini Shinyanga aje bandarini kumpokea mwanawe mbele za watu. Alituambia hilo mara nyingi, na hakuna mtani aliyemtania kwa hilo.

Kisha ikaja amri kwenye redio ya mawasiliano. Luteni alitupanga mstari. Alizungumza akiangalia juu ya vichwa vyetu. Alisema punda wamekaa kwenye nchi ya mbung'o, wengine wana vidonda, wengine wamevimba, na wakubwa hawataki warudi na ugonjwa nyumbani. Meli haina nafasi yao. Wapigwe risasi, wazikwe leo.

"Wote, afande?" Mzee Kiula akauliza.

"Wote, mzee."

Tulipewa sepetu. Tulichimba shimo refu kwenye udongo mwekundu, na punda wamefungwa kwenye mti pale karibu wakitutazama, maana kwao mtu anayechimba huenda anatafuta maji. Nilichimba nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Nilimwona shangazi na ile nyonga, ndoo kichwani, njia yote ya kisima, asubuhi na jioni. Nilikuwa nimevuka vita vizima nikilinda punda mmoja ili mwanamke mmoja anywe maji, na sasa nachimba mimi mwenyewe. Machozi yakanitoka nikayaacha.

Shimo lilipofika kifuani, Mzee Kiula aliweka sepetu chini, akakaa ukingoni. "Afande," akasema kwa upole, "ulituambia hawa punda ni askari wako."

"Ndiyo, mzee."

"Basi leo umefiwa."

Luteni akageuka akamtazama.

"Na sisi ni nani kwako?" mzee akaendelea.

Shabani ndiye aliyeelewa kwanza. Alikuwa amekaa pembeni na magongo yake, mguu umefungwa. Nilimwona anatabasamu. Akarusha magongo ndani ya shimo, akajiburuza kwa makalio, akadondoka, akalala chali na kufumba macho. "Poleni na msiba!" akapiga kelele kutoka chini. "Mfiwa, watani wako tumefika! Kaburi zuri, lina baridi. Hatutoki mpaka tulipwe!"

Nyote mnajua desturi hiyo, mmeiona misibani. Mtani akishalala kaburini, maiti haiwezi kuzikwa mpaka mfiwa atoe kitu cha kumtoa. Nikajilaza pembeni ya Shabani. Kikosi kizima kikafuata, mmoja mmoja, mpaka shimo likajaa watu wanaoimba nyimbo za kuwakashifu Wasukuma. Mzee Kiula alishuka wa mwisho, akaomba asogezewe mto.

"Tokeni!" Luteni alipaza sauti. "Hiyo ni amri!"

"Mfiwa hatoi amri," Shabani akamjibu, macho bado yamefumbwa. "Mfiwa analia."

Angeweza kutufunga, na sheria ilikuwa upande wake. Nilimwona kutoka chini, amesimama dhidi ya anga, mrefu kupita kiasi, mikono yake haijui iende wapi. Mtu aliyekulia kwenye utani hawezi kuwafukuza watani kaburini. Angeweza kuvuliwa cheo akarudi kwao akaishi, lakini hilo lingesimuliwa Usukuma nzima mpaka wajukuu. Mwishowe akauliza, "Mnataka nini?"

"Ameuliza," Mzee Kiula akatutangazia. "Wote mmesikia. Tunataka wafu wetu wakiwa hai."

Luteni akaenda kwenye redio. Haikuwa mbali, na tulinyamaza wote ili tusikie.

"Zoezi limekwama, afande," akasema.

Sauti ya mkuu wake ikauliza limekwama kwa nini.

"Kaburi limejaa."

"Mmeshawapiga?"

"Hapana, afande. Limejaa watu."

"Watu gani?"

"Watani zangu."

Redio ikakwaruza kwa muda. Halafu tukasikia mtu anacheka, kicheko cha tumboni, mpaka akakohoa. "Masanja, mimi ni Mzaramo. Unamshitakia nani? Walipe watani zako. Ila meli haibebi punda, na mimi siwaachii mgambo wazurure nchi nzima bila ofisa. Wenye kuvimba wabaki. Wazima utawapeleka mwenyewe, kwa miguu, mpaka kwa wenyewe. Na mimi sijasikia neno."

Alirudi ukingoni akasimama. Nilimwona anaziangalia buti zake zinazong'aa. Bendi ya Mwanza, maua, mama yake bandarini, vyote vilikuwa vinapita usoni pake, na nilijisikia vibaya, ingawa sikuinuka. Kisha akavua kofia.

"Tokeni," akasema. "Mmelipwa."

Wale waliovimba hatukuweza kuwaokoa, na nisiwadanganye, waliingia shimoni humo humo. Wengine tuliondoka nao kesho yake. Mguu wa Shabani haukuwa wa meli wala wa barabara, kwa hiyo alirudi alivyokwenda hospitali, juu ya Bibi Harusi, akituamrisha wote. Msitu wa Biharamulo tulipita haraka, tukichoma mavi makavu kwenye makopo yaliyoning'inizwa pembeni mwa punda ili moshi ufukuze mbung'o. Tulinuka vibaya hata wanyama wa porini walitupisha. Vijijini watu walitoka wakitarajia mashujaa wa redioni, wakaona punda wenye moshi na Msukuma mrefu mbele. Watani wenzake wote wa njiani walipewa habari yake na Shabani, bila malipo.

Tulipokaribia njia ya kwao Shinyanga, Mzee Kiula alimwambia apinde akamwone mama yake, sisi tutamsubiri. Luteni akakataa. Alisema akifika kwa mama hatapata nguvu ya kuondoka tena, na ameagizwa mpaka kwa wenyewe. Hapo nilianza kumpenda yule mtu, na sikumwambia, maana mtani haambiwi.

Tulipanda mlima Sekenke tukisukuma punda kwa mabega. Juu kule njia ya Mzee Kiula ikaachana na yetu. Alinipa kisu chake cha kwato, alichokitengeneza mwenyewe kutokana na springi ya gari, kifupi, kimepinda nchani. "Usikitumie kumenyea viazi," akasema, "hata huyu Msukuma akikuomba." Akamshika punda wake masikio, akaondoka kuelekea Nduguti bila kugeuka nyuma. Sikumwona tena. Kisu mmekiona wote, ndicho kile nilichowakataza kugusa.

Shangazi alikuwa uani akipepeta mtama. Nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi." Akasema marahaba bila kuniangalia, akanipita, akaenda kwa Bibi Harusi. Alipapasa mgongo wake taratibu, kuanzia shingoni.

"Hapa alibeba nini?"

"Mabomu, shangazi."

"Na hapa?"

"Hapo alibeba Shabani."

"Shabani ni kitu gani?"

"Mimi, mama, shikamoo," Shabani akaitika akiwa amekaa kwenye gogo.

Akamgeukia Luteni. Alitembea kumwendea na ile nyonga yake, akasimama chini ya kidevu chake. "Habari zenu zimewatangulia. Nasikia wewe ndiye uliyetaka kumuua."

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Na wewe ndiye uliyemleta."

"Ndiyo, mama."

Shangazi alimpima kwa macho, kuanzia buti mpaka kichwa. Kisha akamwambia kwamba Msukuma mrefu hivi hawezi kupita kwenye mlango wake, kwa hiyo atakula nje. Akampikia ugali wa mtama na mlenda na kuku wa pekee aliyekuwepo, na alipodhani hatumwoni alishika shingo ya Bibi Harusi akalia kwa sauti. Asubuhi tuliamka tukamkuta ameshapakia madumu, anaelekea kisimani, punda mbele, yeye nyuma, wote wawili wakichechemea. Alitimiza nia yake. Aliishi sana, na Bibi Harusi alizaa wanne.

Mengine mnayajua. Idara ya mifugo ikanichukua, nikasomea, nikapewa baiskeli, halafu pikipiki, halafu nikarudishiwa baiskeli. Kuna ng'ombe wa kijiji cha Puma aliyemeza taulo, na kuna yule fahali wa mwenyekiti niliyemhasi kwa makosa ya kijiji wala si yangu. Hayo nitawasimulia kwa mdomo, kwa sababu wahusika bado wanapiga kura.

Nimalizie na la mwaka jana. Simu ilikuja kutoka Shinyanga, kijana akajitambulisha ni mtoto wa Masanja. Baba yake amefariki. Nikampigia Shabani, ambaye sasa ndiye mwenye duka, tukapanda basi, wazee wawili na mguu mmoja mbovu. Msiba ulikuwa mkubwa, wenye nyota mabegani walijaa, wakasoma habari za vyeo vyake, gwaride kwa gwaride. Punda hawakutajwa. Hata sielewi kwa nini wangetajwa.

Jeneza lilipoletwa, Shabani alinishika mkono. Tukapita katikati ya wenye nyota, tukashuka kaburini, tukalala. Kulikuwa na baridi, kama alivyosema Shabani mara ya kwanza. Waombolezaji wakaguna, wengine wakacheka, wazee wa Kisukuma wakatikisa vichwa kwamba watani wamefika. Mtoto wa marehemu akaja ukingoni. Ni mrefu vilevile, na mikono yake haikujua iende wapi. Nyuma yake mtu alishika mbuzi, tayari kwa malipo.

"Watani, shikamooni," akasema. "Mnataka nini ili mzee apumzike?"

Nilifungua mdomo nimtukane, ndivyo ilivyo desturi, nikakuta matusi yote yameniishia. Shabani alikuwa analia pembeni yangu, kofia imefunika uso. Ikabidi nijibu mimi.

"Rudisha mbuzi," nikasema. "Huyu alishatulipa, kabla hujazaliwa."

Nikainuka nikatoka. Shabani mguu ulimkatalia kupanda, ikawa lazima vijana wamvute kwa mikono na mmoja amsukume makalio kutoka chini, na mjane, ambaye alikuwa hajafungua mdomo tangu msiba uanze, akacheka.